Mkemia Aliyeomba Sharubu za Paka

Chumba cha juu nyumbani kwangu, Kingsbury, nilimpangisha kijana Mhungari, mkemia wa chuo kikuu hapa London. Mimi ni mtu wa Tanga, nesi mstaafu, na katika wapangaji wangu wote yeye ndiye wa kwanza kujifunza kuniamkia. "Shikamoo, Mama," kila asubuhi, kwa lafudhi iliyonichekesha hata siku za mvua.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza maumbo ya protini. Aliniambia protini ni kama uzi mrefu unaojikunja wenyewe, na ukijua umejikunja vipi, utajua unafanya kazi gani mwilini. Lakini kwanza lazima igande iwe fuwele, mfano wa chembe za chumvi, ndipo aipige eksirei. Yake ilikataa. Alijaribu hivi na vile, ikabaki ute tu. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na wenzake walikuwa wameshapata kazi za kudumu kwingine.

Jumamosi moja akashuka, akasimama mlangoni mwa jikoni akijikuna shingo.

"Mama, paka wako akidondosha sharubu, naomba uniwekee."

Nikaweka mwiko chini. Kwetu mtu hakuombi nywele hivi hivi, hata ziwe za paka.

"Za nini?"

"Za kazini."

"Kazini kwenu mna mganga?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanieleza: sharubu ya paka ni nyembamba, ngumu, na inashika vumbi la fuwele. Ukiigusisha kwenye fuwele mbovu zilizopondeka, halafu ukaipitisha kwenye tone jipya, huenda zikaota nzuri.

"Kumbe ni kama mtindi," nikasema. "Unatia kidogo cha jana, maziwa ya leo yagande."

"Hivyo hivyo!"

Basi tukapiga magoti sebuleni, watu wazima wawili, tukipapasa nyuma ya kochi. Tulizipata mbili pembeni mwa zulia. Paka mwenyewe alikaa dirishani akitutazama kana kwamba tumerukwa na akili.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja nilikuwa natoa takataka nje niliposikia "Mama! Mama!" Alikuwa anakuja mbio kutoka stesheni, koti wazi, simu mkononi. Kwenye picha niliona vijiti vidogo vinavyometa kama vipande vya glasi. Nilimkumbatia pale pale barabarani. Jirani yangu, bibi wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa, akatoa kichwa mlangoni.

"Kuna nini? Amepata mtoto?"

"Amepata fuwele!"

"Haya, hongera yake," akasema, akaenda kumletea ladu, vile vitamu vya Kihindi vya sherehe.

Umbo la protini likajulikana, makala ikachapishwa, na chuo kikampa kazi ya kudumu na maabara yake mwenyewe. Mama yake akaja kutoka Hungaria kusherehekea. Hajui Kiingereza, nami sijui Kihungari. Nilipokuwa napika pilau alionja mchuzi, akafikiri, akafungua mkoba wake na kutoa pakiti ya pilipili nyekundu ya kwao, ya unga. Akanitazama, kuomba ruhusa. Nikampisha jikoni.

Mwanawe alikuja kututafsiria, tukamfukuza. Pilau ilitoka nyekundu, na haikubaki hata ukoko.