Reli ya Mezani, Malaba Hadi Tororo

Siku ya kwanza kazini nilipewa kitambaa, si bisibisi. Nilikuwa nimeazima shati jeupe la kaka yangu, nikidhani fundi wa ishara za reli hukaa juu kebini akivuta mikono mikubwa ya chuma huku abiria wakimtazama kwa wivu. Inspekta wa Ishara wa Tororo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alinipeleka kwenye kabati la nyaya nyuma ya kebini akafungua mlango. "Futa vumbi," akasema. "Ukimaliza kufuta utakuwa umeona kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi." Nilifuta mpaka shati likawa la kijivu. Nilinuna siku nzima, lakini kufikia jioni niliweza kuzifuata nyaya zile kwa kidole bila kumuuliza mtu.

Inspekta huyo ndiye aliyenifundisha kutafuta kosa. Ishara ikikataa kupanda, mimi nilikimbilia waya wa kwanza niliouona nikauvuta. Akanishika bega. "Othieno, usiniambie kosa ni nini. Niambie liko upande gani." Maana yake, unakata njia ya umeme katikati na kupima nusu moja, kama ni nzima, kosa liko nusu ya pili, nayo unaigawa tena, hivyo hivyo mpaka kosa likose pa kujificha. Wakubwa walionijia baadaye walikuwa na vyeti vingi ukutani, na hakuna aliyeniongezea kitu juu ya hapo.

Kutoka Tororo nilihamishiwa Malaba. Stesheni Masta wa pale alikuwa mkali wa saa. "Malori yanaweza kulala barabarani wiki nzima kama yanapenda," aliniambia siku niliyoripoti, "lakini treni yangu isisubiri waya wako." Baadaye nikapelekwa njia ya Mbale na Soroti kama msimamizi. Huko nililala kwenye mabehewa ya kazi, nikala dagaa mpaka leo siwagusi. Mwisho nilirudi Tororo kuwa Fundi Mkuu wa Ishara, na kufikia hapo treni zilikuwa zimepungua sana. Nilistaafu nikiwa natunza ishara za treni ambayo hakuna aliyejua itapita siku gani.

Malaba ndiko nilikokutana na Rajabu, dereva wa injini za dizeli, mtoto wa mjini Busia, wa ukoo wa wasafirishaji. Sisi wa ishara na wao madereva hatukuivana: sisi tunawasimamisha, wao wakichelewa wanatusingizia. Aliniita Bwana Ngoja, mimi nikamwita Dereva, na hatukuwahi kuitana vingine hata baada ya wote wawili kurudisha sare.

Baada ya kustaafu mikono ilianza kuniwasha. Shamba la mihogo ni la mke wangu, Mama Okoth, na hataki mtu wa kumwelekeza. Basi nikavamia chumba cha stoo, nikatengeneza meza inayofuata kuta tatu, na juu yake nikaanza kujenga reli ya Malaba hadi Tororo. Reli yetu ya kweli ni ya wembamba, mita moja tu kutoka chuma hadi chuma, na nilitaka yangu iwe na wembamba uleule kwa kipimo chake, si reli ya kubuni tu.

Vyuma vya reli nilivipata kwenye fimbo za shaba za mafundi wa kuchomelea. Mataruma, vile vipande vya mbao vinavyolala chini ya reli, niliyachonga kutoka masalia ya seremala, na kila baada ya mataruma machache nilipigilia msumari wa shaba nikalehemu fimbo juu yake. Upana niliupima kwa kipande cha bati: kikicheza kati ya fimbo, treni itaanguka, kikibana, haitapita. Mota ilitoka kwenye redio ya kaseti, umeme kwenye betri ya sola. Mwendo niliuongoza kwa koili ya jiko la umeme lililokufa, na kipande cha chuma kinachoteleza juu yake. Ukikisogeza huku umeme unapungua, ukikirudisha unaongezeka.

Dereva alikuja kila mara binti yake, Mwajuma, alipotoka Busia kuchukua bidhaa Tororo. Alikalia kiti pekee kilichokuwemo, na kazi yake ikawa kunikosoa.

"Kona hii kali, Bwana Ngoja. Hapa mimi namwaga mabehewa yote."

"Punguza mwendo."

"Na pembetatu iko wapi? Nafika Tororo, injini nageuza wapi?"

Pembetatu ni reli tatu zilizoungana kwenye pembe zake. Injini huingia kwa upande mmoja, hurudi nyuma kwa wa pili, na kutokea wa tatu ikiwa imegeuka. Sikutaka atangaze Busia nzima kwamba nimejenga Tororo pungufu, kwa hiyo nikaijenga. Nilipowasha, fyuzi ilikufa papo hapo. Nikaweka nene zaidi, ubishi wa uzeeni huo, na mara hii ni waya ulioungua.

"Baba Okoth," mke wangu akaita kutoka uani, "unachoma nini humo? Nguo yangu inanuka."

Nikagawa katikati kama nilivyofundishwa. Nusu ya Malaba ilikuwa nzima. Nusu ya Tororo ilikuwa mbovu. Nikaigawa ile ya Tororo, na hapo nikachanganyikiwa, kwa sababu kila kipande kikiwa peke yake kilikuwa kizima, nikiviunga fyuzi inakufa. Nilihangaika hivyo siku nyingi, nikamkasirikia hata paka. Mwishowe niliacha kupima, nikaweka kidole juu ya reli ya kushoto na kuifuata. Kidole kikazunguka pembetatu, na kiliporudi kilikuwa juu ya reli ya kulia.

Mtu ambaye hajafanya kazi relini asingekwama pale. Injini ya kweli hubeba dizeli yake tumboni, na kwake reli ni chuma cha kukanyaga tu. Nilikuwa nimeziona injini zikigeuzwa pembetatuni maisha yangu yote bila matata, kwa hiyo sikuishuku hata kidogo. Injini ya mezani hunywa umeme kutoka relini kwenyewe, chanya kushoto na hasi kulia, na pembetatu inavileta viwili hivyo vikutane. Dawa yake ni ndogo. Nilikata reli zote mbili mwanzo na mwisho wa upande mmoja, nikaziba mianya kwa plastiki ya kadi ya simu, na upande huo nikaupa swichi yake yenyewe ya kubadilisha chanya na hasi.

Nikampigia Dereva simu, nikiwa tayari kuchekwa. Alipokea Mwajuma. "Mzee, baba ameanguka," akasema.

Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia. Nilipofika Busia alikuwa amesharudishwa nyumbani kutoka hospitali. Mguu ulikuwa unajikokota, maneno yalitoka polepole upande mmoja wa mdomo, lakini akili ilikuwa yake ileile. Mkono ndio uliolala mapajani kama wa mtu mwingine. Muuguzi wa mazoezi alikuwa amewaambia kwamba vidole visipolazimishwa kushika kitu kila siku vitajikunja na kubaki hivyo.

"Mzee Othieno, baba hakuli," Mwajuma aliniambia mlangoni. "Mimi nataka kumlisha, anafunga mdomo. Nampa kijiko mkono ya kushoto, anasema hiyo si mkono ya kula. Sasa atakula na nini?"

Niliingia nikaketi naye. "Dereva, fanya hayo mazoezi."

"Kubana kitambaa?" akasema. "Mimi mtoto? Mkono umekufa. Uzikeni, mimi nafuata."

Alisema bila hasira, na ndiyo maana niliogopa. Shati lilikuwa limemlegea shingoni. Nilirudi Tororo nikijua kwamba tukimwacha hivyo tutamzika kwa njaa katika nyumba yenye chakula.

Hapo ndipo nilipofikiria tokeni. Njia yetu ni moja, na treni mbili zikikutana kati ya Malaba na Tororo hakuna pa kupishana. Kinga ya hilo ilikuwa tokeni, kipande cha chuma cha kutosha kiganjani. Mashine ya Malaba na ya Tororo ziliunganishwa kwa waya, na ikishatoka tokeni moja, haitoki nyingine mpaka ile irudishwe. Dereva asiye na tokeni haingii njiani hata akiitwa na bosi mkubwa. Nilichonga tokeni ya mbao, nikaipasua sehemu mbili, nikaweka bamba la shaba kila upande na springi ya kalamu katikati. Ukiibana, mabamba yanagusana na reli inapata umeme. Ukiachia, treni inasimama. Kipande cha kuongozea mwendo nilikihamishia kushoto, ili mkono mzima uwe na kazi yake usije kusaidia.

Mwajuma alikodi gari akamleta. Dereva aliitazama tokeni na uzi wake wa waya, akaelewa upesi kuliko nilivyotaka.

"Umeniletea kanyagio la maiti," akasema.

Injini za dizeli zina kanyagio ambalo dereva hulikandamiza muda wote. Akilala au akifa, mguu unalegea na treni inajifunga breki. Madereva walio wavivu waliliwekea jiwe.

"Hapa hakuna jiwe," nikamjibu. "Bana, au urudi Busia."

Alibana. Treni ilitoka Malaba kiasi cha shubiri, ikafa. Akatukana kwa Kisamia, lugha ya kwao Busia, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu aanguke, na nikafurahi sana. Safari zilizofuata alifika kwenye kona kali, kisha kwenye kilima. Siku moja nilimsikia akimnong'oneza Mwajuma atafute mpira wa tyubu afungie tokeni. "Baba, hata mimi sijui treni, naona hiyo ni kuiba," Mwajuma akamwambia, na akakaa mbali naye ili asimshawishi. Lakini nyumbani Dereva bado alikuwa anakunywa uji tu, kwa mrija, mkono wa kulia ukiwa chini ya meza.

Watu huniuliza mzee mzima anachezea nini stoo. Zamani ningejieleza. Siku hizi nawaambia nipo kazini. Nilitumia maisha yangu yote kuhakikisha kwamba mtu nisiyemwona, aliye mbali na mimi, anajua mbele yake pako wazi, na sikuwahi kuona uso wa yeyote kati yao wakati ishara yangu inapanda. Stoo nimeuona uso huo.

Siku Dereva alipoifikisha treni Tororo ya mezani, ilikuwa siku ya soko na Mama Okoth alikuwa amepika ugali wa wimbi na mchuzi wa karanga. Dereva alitoka Malaba, akapunguza kwenye kona, akapanda kilima akitoa jasho. Treni ikaingia stesheni ya Tororo na kusimama mahali pake hasa. Nikanyoosha kiganja kupokea tokeni, kama ilivyo sheria.

Hakuitoa. "Ya mbele iko wapi?" akauliza, yaani tokeni ya kipande cha njia kinachofuata.

"Hakuna ya mbele. Reli imeishia hapa."

"Dereva haachii ya nyuma mpaka apewe ya mbele. Wewe unajua."

Kweli nilijua. Ndivyo madereva wetu walivyofanya, na tuligombana nao miaka yote. Wakati huo Mwajuma aliingia na sinia, akaliweka pembeni mwa meza, akatutazama mmoja mmoja. Dereva aliuangalia ugali, akaiangalia tokeni mkononi. Akafungua vidole, kimoja kimoja, akaiweka mwenyewe kando ya sinia, si kwangu. Mwajuma akamnawisha. Akaupeleka mkono uleule kwenye ugali, akamega, akachovya. Nusu ilimwangukia kifuani. Hakuna aliyejongea kumsaidia. Akamega tena.

"Bwana Ngoja," akasema akiwa bado anatafuna, "nikimaliza kula nataka ya Nagongera."

Nikamwambia Nagongera, stesheni inayofuata baada ya Tororo, iko upande wa pili wa ukuta, ndani ya chumba cha kulala.

"Basi toboa," akasema, na akamega tena.