Taa Waliyoizima

Mkono wangu wa kulia ulishika moto nikiwa bado natafuta kitasa cha mlango. Injini ilikuwa imepasuka mbele kidogo ya Nyamasaria, ukitoka Kisumu, mchana kweupe. Konrodi, chuma kinachoshika pistoni, ilitoboa bloki ikakata bomba la petroli, na moto ukaingia ndani nilikokaa kupitia tundu tulilotoboa kupitisha nyaya. Aliyenitoa ni dereva wa lori la miwa, anatoka Muhoroni. Alivunja kioo kwa spana ya magurudumu, akanivuta kwa kola, akanimwagia mchanga wa kando ya barabara. Yeye hakunijua. Walionijua walikuwa gereji, wananisubiri nirudi niwaambie gari linavuta namna gani.

Nawataja. Wa kwanza ni mwenye gari, mtu wa Milimani, mtaa wa wenye pesa. Wa pili ni fundi wa kompyuta, rafiki yangu, niliyekodi naye gereji. Mke wake aliposhikwa na uchungu wa kwanza, mimi ndiye nilimpeleka hospitali.

Injini niliijenga mimi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini injini naijenga. Pistoni ngumu, nozeli kubwa za kumwaga petroli, turbo kubwa kuliko ile ya zamani. Mwenye gari alikataa kompyuta nyingine. Alitaka ile ile iliyotoka nayo kiwandani, ati gari libaki la kawaida machoni. Sasa kompyuta hiyo ilijua injini ya zamani tu. Kazi ya rafiki yangu ilikuwa kuiunganisha na laptop aifundishe hii mpya: imwage petroli kiasi gani, plagi ziwashe wakati gani.

Kwenye bloki kuna kidude, sisi tunakiita sikio. Moto ukilipuka vibaya ndani, injini inagonga. Sikio linasikia, kompyuta inapunguza nguvu, taa inawaka kwenye dashibodi. Injini inaokolewa na hicho tu.

Asubuhi hiyo kila nikikanyaga, taa inawaka, gari linalegea. Nikarudi.

“Inagonga,” nikawaambia. “Punguza kidogo.”

Mwenye gari akacheka. “Mzee, unaogopa gari ulilojenga mwenyewe?”

“Naogopa inayogonga.”

“Jumapili nashindana nalo. Lilegee mbele ya watu, mimi nijifiche wapi?”

Rafiki yangu hakuinua macho kwenye laptop. “Omera, ndugu yangu, kanywe chai. Nikimaliza nitakuita.”

Nikaenda kwa mama wa chai pale ng’ambo, nikala na mandazi, roho yangu imetulia. Niliporudi, taa ilikuwa kimya.

“Umeipunguza?”

“Iko sawa sasa. Enda, ukanyage mpaka mwisho.”

Mwenye gari alikuwa anaangalia simu yake. Ufunguo alinipa bila kuniangalia.

Nilikanyaga mpaka mwisho.

Rafiki yangu hakupunguza chochote. Alilizima sikio, na taa akaizima pamoja nalo, injini ikaendelea kugonga bila mtu kuambiwa. Nilijulia hospitalini. Walikuja wawili wakasimama kando ya kitanda, wakidhani dawa imenilaza.

“Si ungemwambia tu kwamba tumeizima?” mwenye gari akasema.

Rafiki yangu akamjibu, “Angekataa kuendesha.”

Nilifunga macho zaidi. Mtu niliyekula naye sahani moja.

Leo vidole vyangu havifungi. Spana inaniponyoka kama sabuni. Na hao wawili wanazunguka Kisumu wakisema konrodi niliifunga vibaya. Mafundi wanaamini, wateja wanaamini. Juzi mwenye pikapu alisimama kwangu, akaniangalia mkono, akaondoa gari polepole akapeleka kwa jirani.

Ninyi wawili, sitaki pole yenu, na matunda mliyoleta hospitali niliwapa wagonjwa wengine. Nataka msimame gereji, mbele ya mafundi wote, mseme nani alisema sikio lizimwe na nani alilizima. Halafu mnitazame usoni. Mlijua ningekataa. Basi ufunguo mlinipa wa nini? Nijibuni.