Kipimo cha Kiti cha Nyuma

Fundi hajaribu gari la mtu kabla ya kuvua kiatu cha kulia. Unyayo wake mpana, wenye magaga yaliyoshiba grisi, huigusa pedeli ya mafuta taratibu kama anayepima joto la maji ya kuoga. "Sikia, mwalimu," alimwambia mteja wake, aliyeshindwa kuchagua kati ya magari mawili yenye mbio. "Hii ya turbo inanyamaza, halafu inakurupuka kama mtu aliyeota anafukuzwa. Ile nyingine inavuta mdogo mdogo, unashtukia tu umefika."

Mwalimu alicheka, ila macho yake yalikuwa kwenye kiti cha nyuma, kwa mama mzazi wa fundi, aliyekuwa akifuma kitambaa. Huyo ndiye kipimo. Fundi huendesha huku akimchungulia kwenye kioo: mkono wa mama ukikosea, nguvu ya injini inakuja vibaya, ukienda sawa, gari lina adabu. Ndani ya lile la turbo, donge la uzi lilimponyoka mapajani likapotelea chini ya kiti. Ndani ya lile jingine alifuma mistari mitatu, akasinzia.

"Umejionea mwenyewe," fundi alisema akivaa kiatu, kifua mbele. "Chukua hii. Mama ameshatoa hukumu."

Mama akafumbua jicho moja. "Hukumu gani? Hii inaleta usingizi, mwanangu. Nirudishe kwenye ile ya kwanza, na safari hii kanyaga mafuta, usiguseguse kama unaogopa kuamsha mtoto."

Fundi akamtazama mwalimu. Kisha akainama kuvua kiatu.