Siku Mama Alipopeleka Sufuria Chemchemini

Shoga yangu, wewe tuliyegawana kiazi kimoja cha moto hadi tukaunguza vidole, nakuambia wewe kwa sababu najua hutanikatiza. Enzi zetu hazikuwa kama wanavyozisema. Juzi mtoto wa jirani kaniambia usoni kwamba sisi tuliokulia ujamaa tulikuwa watu wa "ndiyo mzee" tu. Tukiambiwa lima, tunalima. Tukiambiwa hama, tunahama. Nikamuuliza, "Mwanangu, hayo maji uliyonawa leo asubuhi yametoka wapi?" Akasema bombani. Bombani! Nimeona nikae niandike, kwa mwandiko wangu huu wa shule ya jioni, Mola asije akatuita wote tukaondoka na habari yenyewe.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, huku juu ya Lukozi, kijito chetu ndicho kilikuwa kila kitu. Tulivua kaa chini ya mawe, tukawachoma kwenye makaa mpaka magamba yanapasuka. Tulikalia maganda ya mgomba tukateleza kutoka kwa Mama Kiondo hadi ukingoni, na aliyerudi nyumbani na nguo imechanika nyuma alijua mwenyewe cha kuwaeleza wakubwa. Baridi ya Juni ilikuwa inauma, lakini maji ya chemchemi asubuhi yalikuwa vuguvugu, yanatoa moshi kama uji. Siku hizi watoto wanavaa soksi mbili na bado mafua hayawatoki.

Ile chemchemi, chimbuko la kijito chetu, ilikuwa chini ya mikuyu mitatu, na ilikuwa na adabu yake. Sufuria yenye masizi haiguswi na yale maji. Unachota kwa kibuyu au ndoo safi, na sufuria unaisugulia mbali, kwa majivu na mchanga. Wazee walisema masizi yakiingia, maji yanahama. Mama yangu alikuwa mtu wa swala tano, matambiko hayapendi hata kuyasikia, lakini hilo alilishika. "Huu si uganga," alikuwa anasema. "Maji ni amana ya Mungu. Hupeleki uchafu wa jiko kwenye amana."

Mimi shule ya mchana sikuiona. Baba alikuwa kwenye mkonge huko Korogwe, Mama yuko peke yake na jembe, na mdogo wangu Rehema lazima abebwe. Lakini baada ya alasiri Mama alikwenda kisomo cha watu wazima, na mimi nikamfuata na Rehema mgongoni. Nikakaa pembeni, nikasoma kwa masikio kwanza, macho yakafuata. Ndiyo shule yangu ya kwanza hiyo, na siionei haya.

Vitabu vya kisomo vilichelewa kufika. Mwalimu Yona, kijana wa Kibondei mwenye suruali pana zinafagia vumbi, alikuwa na kitabu kimoja cha jiografia kilichoachwa na wakoloni, jalada limeliwa na panya. Anasoma Kiingereza kimoyomoyo, halafu anatuambia kwa Kiswahili. Sura waliyoipenda akina mama ilihusu nchi ya Welisi, huko Uingereza. Milima na ukungu, mvua kila siku, mabonde membamba, na nyumba zimejipanga kando ya mto kama wanafunzi mstarini.

"Kumbe na wao wana utelezi!" alisema Mama Kiondo, jirani yetu. "Na hao kondoo wao hawaanguki?"

"Kondoo ana miguu minne, Mama Kiondo. Wewe una miwili na kila masika unaanguka," Mama akamjibu.

Wakacheka mpaka Rehema akaamka. Sisi watoto tukayashika majina ya mito yao: Wai, Towi, Tafi, Ronda. Tulipocheza mdako tulihesabia majina hayo, mawe yakiwa hewani.

Siku moja Mwalimu akatuonyesha picha ya huo Ronda. Maji meusi tii. Mama akainuka kwenye benchi, akasogea mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Nani aliingiza sufuria humu?"

"Siyo sufuria, Mama. Walichimba makaa ya mawe mlimani, wakayaoshea mtoni. Na miti ya mlimani wakaikata ikashikilie mashimo."

"Ndiyo masizi hayo," Mama akasema, akarudi kukaa. "Sufuria yao ilikuwa kubwa tu."

Haukupita muda mrefu mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Alikuwa mdogo wake baba, kwangu baba mdogo, kwa Mama shemeji. Si mtu mbaya, nisimseme vibaya marehemu, ila alipenda sana kusikia sauti yake. Akatangaza shamba la kijiji la kabichi. Tukashangilia. Akasema litakuwa penye mikuyu mitatu, kwa kuwa pana unyevu, na kesho kutwa asubuhi miti inaangushwa. Hapo hakushangilia mtu.

Mama akasimama. "Shikamooni wazee. Shemeji, shamba tunalitaka na mikono tunayo. Limeni kule mteremkoni, tutapeleka maji kwa mfereji. Miti ya chemchemi, hapana."

"Shemeji, maendeleo hayasubiri kivuli."

"Welisi nako walisema hivyo. Mto wao sasa ni masizi matupu, hata samaki hakai."

"Welisi!" Baba mdogo akawageukia watu. "Jamani, kisomo kimemfikisha Ulaya shemeji yangu, na nauli hajalipa!"

Wanaume wakacheka. Mama hakucheka wala hakukaa. Alisubiri kicheko kiishe chenyewe, akasema, "Ngoja basi utaona," akajifunga kanga, tukaondoka.

Kesho yake alasiri akanikabidhi sufuria yetu kubwa ya makande. "Isugue."

Nikasugua. Akaitazama, akanirudishia. "Na chini."

Nani husugua sufuria chini mpaka ing'ae, shoga, wakati jioni inarudi mafigani? Nilisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa gunzi la mahindi, vidole vikachubuka nikalia. Hakunionea huruma wala hakunieleza.

Asubuhi ile ya miti, wanaume walifika na mashoka wakakuta wanawake wamekaa duara, wameizunguka chemchemi. Kila mmoja ana sufuria mapajani, nyeusi kama usiku. Mama yuko mbele, miguu inakaribia kugusa maji, sufuria yake kaifunika kanga. Mimi nyuma yake na Rehema.

"Shemeji, hizo sufuria za nini hapa?" Sauti ya baba mdogo haikuwa ile ya mkutanoni.

"Tumekuja nazo. Shoka la kwanza likigusa mti, sufuria zinaingia majini. Wa kwanza ni mimi, hawa wananifuata. Ulime kabichi zako pakavu."

"Wewe mtu wa dini, utafanya hivyo?"

"Gusa mti uone."

Mama Kiondo akadakia, "Na mtoto wako wa mwisho alioga maji haya siku ya arobaini yake. Nilimuogesha mimi. Kata!"

Mashoka yakakaa mabegani. Nilisikia maji yakitiririka na Rehema akinyonya kidole. Mwisho baba mdogo akakohoa, akasema huenda kule mteremkoni pana jua zuri zaidi. Kabichi zikalimwa mteremkoni, mfereji tukauchimba sisi na wao, na tulikula kabichi mpaka tukazichukia.

Njiani kurudi nikauliza, "Mama, ungeitumbukiza kweli?"

Akafunua kanga. Sufuria iling'aa chini kama sahani ya Idi.

"Mimi nilisema nina sufuria," akaniambia. "Masizi nilisema lini?"

Mama ametangulia, Mungu ampe kivuli. Mikuyu ipo miwili, mmoja uliangushwa na upepo, siyo na mtu. Enzi zetu tulikuwa na mto mmoja na kila mtu alikuwa mlinzi wake. Leo vijana wana bomba lililovutwa kutoka chemchemi ile ile, wana simu ya kutafutia mito ya dunia nzima, na pikipiki wanaziosha kwenye kijito, mafuta yanaelea rangirangi. Mtoto wa jirani ndiye kinara. Jumamosi iliyopita nilimkuta pale na sabuni yake, nikakaa ukingoni na sufuria yangu mapajani, nimeifunika kanga. Akaniuliza, "Shikamoo mama, hiyo ya nini?" Nikamjibu, "Marahaba. Osha hiyo pikipiki uone." Akaisogeza mbali na maji.

Basi shoga, usiyaache haya hapa kwenye karatasi. Mwambie binti yako, naye amwambie wake, kwamba hatukuwa watu wa ndiyo mzee. Na kabla hujaanza kumsimulia, mpe sufuria aisugue kwanza. Na chini.