Mbuzi wa Shangazi Ngomeni

Nyuma ya nyumba yetu, kijijini Birkat al Mauz, huku Uarabuni, kuna kilima cha udongo ambacho zama za kale kilikuwa ngome. Kuta zimemomonyoka, mvua zimezilainisha, na mgeni akipita hudhani ni kifusi tu. Serikali imekizungushia waya, ikaweka mlinzi na bango: marufuku kupanda.

Marufuku hiyo ilimfaa sana shangazi yangu, aliyezaliwa Unguja. Kwa kuwa hakuna anayekanyaga pale, mvua ikinyesha majani humea teketeke, na shangazi alikuwa na mbuzi mwenye uroho. Waya ulikuwa na tundu upande wa migomba. Nani alilipanua, mie sikuuliza.

Alasiri moja nilirudi kutoka kazini Nizwa nikamkuta mbuzi yuko kileleni, anatafuna. Mlinzi, bwana mpole mgeni kazini, alisimama chini, maana hata yeye hakuruhusiwa kupanda. Akamwomba shangazi kwa Kiarabu amwite mnyama wake. Shangazi akajibu kwa Kiarabu kwamba ameona haya kweli kweli, ila mbuzi huyu kalelewa kwa Kiswahili, hasikii lugha nyingine. Akaushika waya, akatikisa kidole, akapaza sauti ya ukali.

"Kula, mwanangu, kula taratibu! Ya kushoto matamu zaidi. Usimjali huyu, kofia imemkaa kama bakuli!"

Nilijifunika uso kwa mtandio nisionekane ninavyocheka. Mlinzi akaitikia kwa kichwa kama anayeshukuru, akamwacha agombeze mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamsogelea.

"Shikamoo, mama," akasema kwa Kiswahili. "Mwambie basi ashuke, ameshashiba. Na hii kofia kanishonea mama yangu, Kigoma."

Shangazi akauachia waya. Akaitikia marahaba, akauliza kama mama yake hajambo, na kofia akaisifu.

Mlinzi akatoa ndizi mfukoni, akaimenya kando ya tundu, na mbuzi akateremka mwenyewe. Tundu likazibwa pale pale, shangazi akimshikia koleo na kumkosoa Kiswahili chake cha bara.

Ijumaa alinituma nimpelekee mlinzi mkate wa kumimina. Akanionya nisiseme kwamba anaomba radhi; ati umepikwa mwingi, basi.