Jopo Lisilo na Mlezi

Juzi nilialikwa Mlowo, kwenye ofisi ya shirika linalosaidia kina mama wanaougua sonona wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Walikuwa wanaunda jopo la wataalamu wa kuwashauri wahudumu wao. Daktari wa magonjwa ya akili alikuwepo, mkunga alikuwepo, na mama mmoja aliyewahi kuugua akapona. Mzee mmoja mnunuzi wa kahawa, mwalikwa kama mimi, akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mbona sisikii habari ya mlezi? Shirika bila mlezi halina heshima. Niwekeni mimi."

Mratibu, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno, akamgeukia. "Shikamoo, mzee. Wanao walipokuwa wachanga, usiku nani alikuwa anaamka?"

"Si mama yao! Mimi nilikuwa na kazi."

Watu wakaangua kicheko. Mratibu hakucheka.

"Kule kijijini Galula kuna mzazi, katoka kujifungua, hataki kumshika mwanawe. Wahudumu wetu wanangoja jopo hili liwaambie wamsaidieje. Kaa, baba, tuanze."

Akakaa. Jopo likaanza kazi bila mlezi.

Huku kwetu kila kikundi kina mlezi wake, kuanzia kwaya hadi timu ya mpira. Anayeachwa alee peke yake ni mwanamke aliyetoka kujifungua.