Njia ya Kumshusha Baba

Tulipohamia mlimani Pasiansi nyumba zilikuwa chache, na kutoka kwetu hadi barabara ya chini kulikuwa na njia pana iliyotokana na miguu ya watu tu. Kisha watu wakaongezeka. Kila aliyekuja alionyeshwa na balozi wa nyumba kumi nafasi kati ya majabali, akajenga. Seremala mmoja kutoka Bukoba alijenga juu ya njia yenyewe. Baba alimwambia ajenge tu, sisi tutazunguka. Tukawa tunazunguka, tukipita ubavu ubavu katikati ya mawe mawili makubwa.

Baba alifariki wakati petroli ilikuwa ya shida. Alitaka kuzikwa kwao Busisi, ng'ambo ya maji. Lori lilipatikana, likasubiri barabarani, na kivuko kilikuwa kinafungwa jioni. Seremala yule alipandisha mbao moja moja, akalipigilia jeneza uani kwetu. Hakuna aliyefikiria kwamba mbao zitapita mawe yale na jeneza halitapita.

Halikupita. Waliolibeba wakataka kulisimamisha wima. Baba mdogo akakataa, akasema kaka yake si gunia la pamba.

Ikabaki nyumba ya seremala: kuingia mlango wa nyuma, kukatiza sebule, kutokea mbele. Lakini mkewe alikuwa amejifungua wiki ile, na mama yake seremala alikuwa amekaa mlangoni. Alisema maiti haipiti penye mtoto mchanga. Baba mdogo akampa shikamoo, akakaa chini mbele yake. Hakubembeleza. Alimweleza tu habari ya kivuko.

Bibi akamgeukia mwanawe.

"Mtoto apelekwe kwa jirani. Na wewe uliyejenga njiani, ng'oa miimo ya milango."

Akaing'oa, ya nyuma na ya mbele. Balozi akasema taratibu kwamba mlima huu umepata watu, sasa utafute njia. Nilicheka. Sikujua kwamba siku ile ningeweza kucheka.

Kivuko tulikiwahi, tukamzika baba kwao.

Tuliporudi, milango ilikuwa bado wazi. Watu wa juu, wenye ndoo na wenye kuni, walikuwa wanakatiza sebuleni, na bibi anawaambia wafute miguu. Baadaye seremala alibomoa chumba kile, akaacha ujia wa watu kupita.

Mimi niliendelea kuzunguka kwenye mawe, kama baba alivyosema.